Chanya si Baraka, Hasi si Laana

Tumezoea kusema "mtazamo chanya" tukimaanisha mtazamo mzuri, na "mtazamo hasi" tukimaanisha mbaya. Si kosa. Tatizo huanza tunapoipeleka maana hiyo kwenye betri au maabara, ambako maneno haya yana maana nyingine.

Tuanze nyumbani. Familia nyingi za vijijini Shinyanga hutumia umeme wa sola. Betri ina ncha mbili: chanya (+), ambayo kwa kawaida waya wake ni mwekundu, na hasi (–), waya wake mweusi. Hakuna iliyo njema kuliko mwenzake. Ukichomoa mojawapo, taa inazimika. Majina hayo yalianza kutumiwa na Benjamin Franklin wa Marekani katika karne ya 18, kabla elektroni hazijajulikana. Baadaye iligundulika kwamba elektroni, ambazo ndizo zinazotembea ndani ya waya, zina chaji hasi. Basi kinachowasha taa yako ni hicho hicho kiitwacho hasi.

Twende kwenye damu. Mtu akiambiwa kundi lake ni "O hasi", hana ugonjwa. Maana yake ni kwamba chembe zake nyekundu za damu hazina protini iitwayo Rh D. Hata hivyo, wachumba wanaojiandaa kwa ndoa wanapaswa kulifahamu jambo hili. Mama mwenye Rh hasi akibeba mtoto mwenye Rh chanya, mwili wake unaweza kutengeneza kinga inayoshambulia damu ya mtoto. Mara nyingi mtoto wa kwanza husalimika, wanaofuata ndio huwa hatarini. Ipo sindano ya kuzuia hali hiyo, na baada ya kujifungua hutolewa ndani ya saa 72. Kwa hiyo mama ajue kundi lake mapema, kliniki.

Sasa twende machimboni. Katika maeneo kama Nyarugusu mkoani Geita na Mwakitolyo mkoani Shinyanga, wachimbaji wadogo huchimba na kusaga mawe yenye dhahabu. Vumbi lake lina silika, ambayo hutia makovu kwenye mapafu na kuleta silikosisi. Mwenye silikosisi hupata kifua kikuu kwa urahisi zaidi.

Mchimbaji anayekohoa akipimwa makohozi na kuambiwa "hasi", hufurahi na kurudi duarani. Lakini jibu hilo linasema jambo moja tu: vimelea vya kifua kikuu havikuonekana katika makohozi yale. Halisemi kwamba mapafu ni mazima, na silikosisi haipimwi kwa makohozi. Kikohozi kikiendelea, arudi kwa daktari, aeleze kazi anayofanya, na apigwe picha ya kifua. Na akiambiwa "chanya", asijifiche wala asitengwe: kifua kikuu kinatibika, na dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali.

Kwa hiyo, kila unapopewa majibu, usiishie kwenye neno. Muulize mhudumu: kipimo hiki kilitafuta nini? Kimekiona au hakikukiona? Na nini hakikutafutwa? Maswali hayo matatu yanaweza kumwokoa baba wa familia.