Fahali wa Tatu: Rekodi za Waliogombea Ugavana Nje ya Vyama Viwili vya Marekani

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Marekani wanakaa. Republican na Democratic wamepigana pembe ndani ya zizi hilo tangu kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861, ila kuna jambo moja wanaloafikiana: fahali wa tatu asiingie. Sheria za kukusanya sahihi na za ruzuku ya kampeni hutungwa na mabunge ya majimbo, na humo wenye viti ni wao. Kwa hiyo kila aliyewahi kulivuka lango hilo anastahili kukumbukwa, na hata wengine walioishia langoni.

Wakenya wanaijua ladha ya jambo hili. Mwaka 2017 Ndiritu Muriithi alichukua ugavana wa Laikipia na Mohamed Kuti wa Isiolo, wote wagombea huru. Mwaka 2022 Kawira Mwangaza akachukua Meru vivyo hivyo. Tanzania ina wakuu wa mikoa wanaoteuliwa na Rais, na mgombea binafsi hana nafasi katika uchaguzi wowote. Gavana wa jimbo la Marekani ana nguvu kubwa kuliko hao wote: hutia saini au kupinga sheria, huandaa bajeti, na huamuru askari wa akiba wa jimbo.

Mshtuko mkubwa kuliko yote

Tarehe 3 Novemba 1998 jimbo la Minnesota lilimchagua Jesse Ventura, mwanamieleka wa zamani aliyejulikana ulingoni kama "The Body". Alikuwa pia ametumikia jeshi la wanamaji, akatangaza redioni, na kuwa meya wa mji wa Brooklyn Park. Alisimama kwa tiketi ya Reform Party, chama cha bilionea Ross Perot. Alipata asilimia 37 ya kura. Norm Coleman wa Republican, meya wa St. Paul, alipata 34, na Hubert Humphrey III wa Democratic, mwanasheria mkuu wa jimbo, akabaki na 28.

Wengi wakisimulia habari hii huishia kwenye mieleka, na tangazo la televisheni lenye mwanasesere wa Ventura akipambana na mwanasesere wa wenye maslahi yao. Tangazo lilikuwa zuri kweli. Lakini mieleka peke yake haimwingizi mtu ikulu ya jimbo. Ventura alikuta milango ambayo mahali pengine imefungwa.

Wa kwanza ulifunguliwa miaka minne kabla. Mwaka 1994 Dean Barkley aligombea useneta akashindwa vibaya, lakini alivuka asilimia 5, na kwa sheria ya Minnesota chama chake, kilekile ambacho Ventura alikuja kukigombea, kikahesabiwa kuwa chama kikubwa. Jina la Ventura likaingia kwenye karatasi ya kura bila kuhangaikia sahihi za maelfu ya watu, na akawa na haki ya ruzuku ya serikali. Ruzuku yenyewe ililipwa baada ya uchaguzi, ikambidi akope benki kwa kuitegemea. Mlango wa pili ulifunguliwa na mpinzani wake. Humphrey alishikilia kwamba Ventura awemo kwenye midahalo, akidhani atapunguza kura za Coleman. Watu wakaona wanasiasa wawili waliovaa suti wakijibu kwa hesabu, na mtu wa tatu akijibu kama anavyozungumza na jirani yake. Mlango wa tatu ulikuwa siku yenyewe ya kura: Minnesota inaruhusu mtu kujiandikisha kituoni na kupiga kura papo hapo. Zaidi ya watu 300,000 walifanya hivyo. Vijana ambao wachunguzi wa maoni hawakuwahesabu kamwe walisimama foleni, na jimbo likaongoza nchi nzima mwaka huo kwa idadi ya waliojitokeza, kama asilimia 60.

Kuna jambo jingine ambalo halisimuliwi vya kutosha. Minnesota ilikuwa na chama cha tatu chenye nguvu zamani, Farmer-Labor, kilichompa Floyd Olson ugavana mwaka 1930. Mwaka 1944 kiliunganishwa na Democratic, na mmoja wa waliofanikisha muungano huo alikuwa Hubert Humphrey, aliyekuja kuwa makamu wa rais. Baba aliisaidia Democratic kukimeza chama cha tatu. Miaka 54 baadaye mwanawe akaangushwa na mgombea wa chama cha tatu.

Ventura alipoapishwa Januari 1999, bunge la jimbo halikuwa na mbunge hata mmoja wa chama chake. Alimaliza muhula mmoja na hakugombea tena.

Kura ghali

Tom Golisano, tajiri wa kampuni ya Paychex, aligombea ugavana wa New York mara tatu: 1994, 1998 na 2002. Mara ya mwisho alitumia zaidi ya dola milioni 70, nyingi zikitoka mfukoni mwake, akapata asilimia 14. Ni zaidi ya dola 100 kwa kila kura. Kampeni nzima ya Ventura haikufika dola milioni moja, na kila kura yake haikugharimu hata dola moja na nusu.

Mbio fupi

Septemba 1990, zikiwa zimebaki wiki saba hivi, Walter Hickel aliingia kinyang'anyiro cha Alaska. Hakuwa mgeni: aliwahi kuwa gavana wa jimbo hilo, kisha waziri wa Rais Nixon. Republican walikuwa wamemteua Arliss Sturgulewski. Mgombea mwenza wake, Jack Coghill, alimwacha akahamia kwa Hickel, na wote wawili wakachukua tiketi ya Alaskan Independence Party, chama kilichotaka wananchi wa Alaska wapige kura kuamua kama wabaki Marekani. Hickel alishinda kwa asilimia 39. Suala la kujitenga hakulishughulikia, na mwaka 1994 alirudi Republican. Chama kilishinda ikulu, lakini dai lake kuu halikusogea hata hatua. Huo nauita ushindi wa kuazima.

Alaska hiyohiyo ilirudia mwaka 2014 kwa njia ya uungwana zaidi. Bill Walker, mgombea huru, na Byron Mallott wa Democratic waliona kwamba kila mmoja akienda peke yake wote watashindwa. Mallott akakubali kuwa mgombea mwenza, na wakamwangusha gavana aliyekuwa madarakani kwa kura zaidi kidogo ya 6,000.

Waliokosa kwa unywele, na walioshinda bila kukalia kiti

Virginia, 1973: Henry Howell aligombea kama huru, Democratic wasisimamishe mtu, akapata asilimia 49.3 dhidi ya Mills Godwin. Tofauti ilikuwa kura 15,000 hivi kati ya zaidi ya milioni moja.

Kisa cha Wisconsin kinaniuma zaidi. Orland Loomis wa Progressive Party alishinda Novemba 1942, akafariki tarehe 7 Desemba, kabla ya kuapishwa. Mahakama iliamua madaraka yaende kwa naibu gavana mteule, Walter Goodland, naye alikuwa Republican. Wapiga kura walichagua chama kimoja wakatawaliwa na kingine, na mwaka 1946 Progressive ilivunjwa.

Lango gumu

Texas, 2006. Mgombea huru alitakiwa alete sahihi 45,540, azikusanye baada ya kura za mchujo za vyama, na aliyepiga kura katika mchujo huo haruhusiwi kumtilia saini. Mwimbaji na mwandishi Kinky Friedman na Carole Keeton Strayhorn, msimamizi wa hesabu za jimbo, walivuka wote wawili. Kisha wakagawana waliochoka na Gavana Rick Perry: Strayhorn asilimia 18, Friedman 12. Perry alirudi madarakani kwa asilimia 39 tu. Lango lilipokwisha kuvukwa, wawili hao walizibiana njia wenyewe kwa wenyewe.

Chama kikubwa kilichokaribia kuitwa kidogo

Mwaka 2010 huko Colorado mgombea wa Republican, Dan Maes, alipoteza imani ya wenzake, na Tom Tancredo akahamia American Constitution Party ili agombee. Tancredo alipata asilimia 36. Maes alipata 11. Kwa sheria ya jimbo, angeshuka chini ya 10, chama cha Abraham Lincoln kingeandikwa kuwa chama kidogo.

Ushindi mkubwa, wenye doa

Mwaka 1854 Henry Gardner alishinda Massachusetts kwa zaidi ya asilimia 60 kwa tiketi ya American Party, maarufu kama Know-Nothing. Chama chake kilichukua viti vyote 40 vya Seneti ya jimbo. Nguvu hiyo ilitoka kwenye chuki dhidi ya wahamiaji Wakatoliki kutoka Ireland, na hilo lisifunikwe. Bunge hilohilo, mwaka 1855, lilipiga marufuku ubaguzi wa rangi katika shule za umma. Yote mawili ni kweli, na msomaji ayabebe pamoja.

Subira ndefu

Bernie Sanders aligombea ugavana wa Vermont mwaka 1972 akapata asilimia 1. Mwaka 1976 alipata 6. Mwaka 1986, akiwa meya wa Burlington, alipata 14. Ugavana hakuupata, lakini mwaka 1990 alichaguliwa kwenda bunge la taifa akiwa huru.

Jimbo lenye historia tajiri kuliko yote

Kama ningelazimika kuchagua jimbo moja, ningechagua Maine. Mwaka 1974 James Longley, mgombea huru, alimshinda George Mitchell, yuleyule aliyekuja kusuluhisha amani ya Ireland Kaskazini. Mwaka 1994 Angus King, huru pia, alishinda kwa asilimia 35. Wa tatu alikuwa Susan Collins wa Republican. Mwaka 1998 King alirudi kwa asilimia zaidi ya 58. Tangu 2013 King na Collins wanakaa pamoja katika Seneti ya taifa wakiliwakilisha jimbo hilo.

Mwaka 2010 Eliot Cutler, huru, alikosa kwa kura zisizofika 10,000. Mshindi, Paul LePage, alikuwa na asilimia 38, na mgombea wa Democratic aliambulia 19. Watu wengi wa Maine waliona wametawaliwa na mtu ambaye wengi hawakumtaka, wakadai mfumo wa kuwapanga wagombea kwa namba: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwaka 2016 waliupitisha kwa kura yao wenyewe. Mimi nauona kuwa jambo la maana kuliko ushindi wa mtu yeyote niliyemtaja hapa, kwa sababu unampa mpiga kura ruhusa ya kumchagua wa tatu bila hofu ya kuipoteza kura yake.

Lakini mwaka 2017 majaji wa mahakama ya juu ya Maine walitoa maoni kwamba katiba ya jimbo inataka gavana awe tu aliyepata kura nyingi kuliko wenzake. Kifungu hicho kilirekebishwa mwaka 1880, baada ya mzozo mkubwa wa matokeo. Ndiyo maana mwaka 2020 watu wa Maine waliwapanga wagombea urais kwa namba, na mwaka 2022, uchaguzi wa gavana ulipofika, kila mmoja alitia alama kwa mtu mmoja tu.