Mama, mtoto umemwacha na nani?

KABLA ya saa kumi na mbili asubuhi, vijia vya Soweto East mtaani Kibera huwa tayari vimejaa akina mama. Wengine wanaelekea Eneo la Viwanda kwa miguu, wengine Highrise na Lang'ata kutafuta nguo za kufua. Mfikirie mmoja wao, mwenye mtoto wa miezi minne aliyefungwa mgongoni kwa leso. Asipopata pa kumwacha, leo hakuna kibarua, kwa maana wenye nyumba wengi hawamkabidhi karai la nguo mtu aliyebeba mtoto.

Huenda wewe msomaji huishi Kibera. Huenda una yaya, au nyanya amekuja kutoka mashambani kukusaidia. Hata hivyo, swali linalomkabili mama huyu ni lako pia: mtoto umemwacha na nani, na huko anafanya nini mchana kutwa?

Zamani jibu lilikuwa jirani. Siku hizi hata jirani anatafuta kibarua. Tena Soweto East watu wamehama na kuhamia. Mnamo Septemba 2009 familia za kwanza zilipelekwa Lang'ata ili mabanda yao yabomolewe, na Julai 2016 nyumba mpya 822 zikafunguliwa. Nyumba ni jambo jema. Lakini yule mama wa mlango wa pili, aliyejua kwamba mwanao akilia hivi ana njaa na akilia vile ana usingizi, huenda sasa yuko orofa nyingine au mtaa mwingine kabisa.

Pengo hilo limejazwa na 'beibikea', aghalabu chumba kimoja cha mabati ambamo mwanamke hutunza watoto kwa ada ya kila siku. Usikidharau. Kule Korogocho, watafiti waliwalipia baadhi ya akina mama ada ya vituo kama hivi. Matokeo yaliyochapishwa 2019 yalionyesha kuwa waliolipiwa waliajiriwa zaidi kuliko wenzao, kwa tofauti ya asilimia 8.5, na wasio na waume waliweza kuhamia kazi zenye saa za kawaida bila mapato kupungua.

Huo ni upande wa mama. Je, mtoto?

Wengi wetu tukifika kituoni tukakuta kimya, watoto wote wamelala chali, tunashusha pumzi. Usiishushe haraka. Ni kweli mtoto wa miezi minne hadi kumi na mmoja huhitaji usingizi wa saa 12 hadi 16, lakini hizo ni za usiku na mchana zikijumlishwa. Akilala kutwa kituoni kisha akafika nyumbani mzito, asiyetaka hata kunyonya, uliza amepewa nini, maana wako walezi wanaotumia dawa za mafua kunyamazisha watoto. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kuwa mtoto mchanga asifungwe mahali pamoja, iwe mgongoni au kitini, kwa zaidi ya saa moja mfululizo, na kwamba asiyetimiza mwaka hahitaji televisheni hata kidogo. Anahitaji mkeka safi, alazwe kifudifudi akiwa macho, ainue shingo.

Na anahitaji kusemeshwa. Hapa ndipo masomo yanapoanzia, si kwenye ile chati ya ukutani yenye picha ya tofaa. (Sijui ni nani aliyeamua kwamba mtoto wa Kibera aanze na tofaa, ilhali mandazi anayaona kila asubuhi.) Mtoto anasema "aaa", mlezi anamtazama usoni na kumjibu, kisha anangoja. Mtoto anasema tena. Mlezi anayebadilisha nepi huku akitaja mguu, kidole na tumbo amefundisha somo zima wala hakununua kitabu. Na ikiwa nyumbani ni Kinubi au Kiluhya na kituoni ni Kiswahili, ondoa hofu, kichwa cha mtoto kina nafasi ya lugha zote hizo.

Shida ni kwamba mlezi mmoja mwenye watoto kumi na watano hana muda wa kumngoja yeyote. Shirika la Kidogo limekuwa likiwafunza wanawake wenye vituo vya namna hii jijini Nairobi. Lakini Katiba ya 2010 iliziachia serikali za kaunti chekechea pamoja na vituo vya kulelea watoto. Tunasikia sana habari za chekechea. Asiyejua kutembea hana wa kumtetea.

Tena mwajiriwa hupewa miezi mitatu ya likizo ya uzazi kisheria, lakini kibarua hapewi hata siku moja. Kwa hivyo mama wetu hukamua maziwa alfajiri, akayaweka kwenye kikombe safi chenye kifuniko na kumwomba mlezi ayatumie mapema, kabla joto la mabati halijapanda.

Jioni atarudi, mikono imechakaa kwa sabuni. Atauliza, "Leo ameshindaje?" Akijibiwa, "Hakusumbua," aulize tena. Lakini mlezi akicheka na kumwambia, "Mwanao leo ameugundua mkono wake, ameutazama hadi akasinzia," basi afungue leso, amchukue mwanawe, na kesho amrudishe pale pale.