Kutoka Ilunga hadi Yirung: Kanuni ya Sauti katika Majina ya Musumba

Huko Musumba, makao ya Mwant Yaav katika mkoa wa Lualaba, husimuliwa habari za mwindaji wa Kiluba aliyemwoa malkia wa Waruund. Vitabu vingi huwaita Chibinda Ilunga na Lueji. Kiruund huwaita Cibind Yirung na Ruwej. Asiyejua kanuni ya sauti aweza kumdhania mzee wa Musumba kuwa amekosea kutamka, au, vibaya zaidi, kuhesabu watu wanne katika nasaba yenye wawili.

Tofauti hizo zina utaratibu. Kwanza, Kiruund kimedondosha irabu ya mwisho: Ilunga na Chibinda zimepoteza a. Pili, mahali pa l mbele ya u pana r: Lunda ni Ruund, Lueji ni Ruwej, Ilunga ni Yirung. Hata hivyo si kila l iliyopotea. Nkalaany, mto ambao dola ya Lunda ilianzia bondeni mwake, una l mbele ya a. Katika mifano hii, basi, sauti jirani ndiyo inayoamua.

Mambo ya namna hii yalichunguzwa mapema katika lugha za Kigermani. Rasmus Rask mwaka 1818, na Jacob Grimm mwaka 1822, walionyesha kwamba p, t na k za zamani ziligeuka f, th na h: Kilatini kina pater, tres na cornu; Kiingereza kina father, three na horn. Maneno yaliyoonekana kuasi kanuni yalifafanuliwa na Karl Verner katika miaka ya 1870: mkazo wa zamani ndio uliokuwa sababu. Mwaka 1899 Carl Meinhof alitumia njia hiyohiyo kwa lugha za Kibantu.

Kwa njia hiyo wanaisimu huzihesabu l na r za lugha zetu, kwa kawaida, kuwa warithi wa konsonanti moja ya Kibantu cha kale, inayoandikwa *d. Kwa hiyo Yirung si Ilunga iliyoharibika. Ni majina ndugu, kila moja likifuata sheria ya nyumba yake. Mwanafunzi anayekusanya masimulizi na ayaandike kama yalivyotamkwa. Akisahihisha r kuwa l, atakuwa amefuta ushahidi ambao hakuna kitabu kitakachomrudishia.