Jazz, soul na rap: muziki wa watoto wetu una koko wake hapa kwetu

Juma hili tuongee juu ya jambo linaloleta ugomvi katika nyumba nyingi: muziki wa vijana. Kutoka Sake mpaka Kitshanga, kutoka Walikale-centre mpaka Mubi, mahali penye kijana na telefoni yenye chaji, pana rap. Mzazi anasema: "Zima makelele hayo ya kigeni." Kijana anaingiza nyuzi masikioni, anageuka upande wa ukuta, na mazungumzo yanaishia hapo.

Mazungumzo hayo yakiisha tunapoteza kitu kikubwa. Jamaa nyingi katika teritwari zetu mbili zimekimbia vita mara mbili, mara tatu. Kuna watoto ambao hawawezi kumwambia mama yale waliyoyaona njiani, lakini wanaweza kuyaimba. Mimi ni mwalimu, ninayaona darasani. Mwanafunzi mmoja msichana alifika kwetu katikati ya mwaka, na kwa majuma mengi hakujibu swali lolote. Siku niliyowaomba watoto watunge mistari yenye vina juu ya neno "njia", alisimama akasema mistari kumi bila karatasi, huku wenzake wakipiga madawati kwa vidole. Tangu siku ile tulijua alitoka wapi na aliwaacha nani.

Kwa hiyo, kabla ya kuuzima muziki huu, tujue kwanza ni mtoto wa nani.

Ulizaliwa na watu waliohamishwa kwa nguvu

Jazz ilizaliwa katika mji wa New Orleans, kusini mwa Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20. Waliouanzisha ni Weusi, wajukuu wa watu waliotolewa Afrika na kuuzwa kama watumwa. Katika mji ule kuna uwanja ambapo watumwa walikusanyika siku ya Mungu kucheza ngoma zao. Mpaka leo uwanja ule unaitwa Congo Square, ni kusema Uwanja wa Kongo. Watoto wao walishika tarumbeta na ngoma za fanfari wakazichezesha kwa namna yao: mpigaji anachukua wimbo unaojulikana, halafu anaugeuza palepale mbele ya watu, na wenzake wanamjibu.

Soul ilitoka kanisani. Katika miaka ya 1950 waimbaji walichukua ile sauti ya kwaya inayopanda na kulia, wakaitumia kuimba mapendo na taabu za kila siku. Funk ilifuata katika miaka ya 1960, James Brown akiwa mbele: ngoma na gitaa la besi zikawa na nguvu kuliko wimbo wenyewe, hata mwenye miguu mizito hawezi kukaa.

Hip-hop nayo ilianza na msichana aliyetafuta nguo za shule. Tarehe 11 Agosti 1973, katika mtaa wa Bronx mjini New York, Cindy Campbell aliandaa karamu yenye kiingilio kidogo ili apate pesa ya kununua nguo za kurudia masomo. Kaka yake, Kool Herc, ndiye aliyepiga muziki. Alikuwa na disiki mbili na mashine mbili. Kila wimbo wa funk ulipofika pale ngoma zinapobaki peke yake, alirudia kipande kile tena na tena, ili watu waendelee kucheza.

Hapo ndipo siri ya muziki huu ilipo. Vijana wa Bronx hawakuwa na pesa ya kununua piano wala saksofoni, wakachukua disiki za wazazi wao, wakakata kipande kidogo cha ngoma au cha besi, wakakirudisha mara nyingi na kusema maneno yao juu yake. Ngoma alizopiga Clyde Stubblefield katika wimbo wa James Brown wa 1970, "Funky Drummer", zimetumiwa na warapa wengi mno. Mwaka 1991 kundi la A Tribe Called Quest lilimwita mzee wa jazz Ron Carter aje apige besi yeye mwenyewe katika disiki yao. Mwaka 2012 mpiga piano Robert Glasper alitoa "Black Radio", na ndani yake jazz, soul na rap zinakaa kama watu wa nyumba moja. Ukisikiliza vizuri, katika muziki wa mtoto utasikia mama yake na koko yake.

Ulirudi nyumbani kwa jina la jazz

Wazazi wetu walilijua neno jazz kabla yetu. Kinshasa ilipokuwa bado inaitwa Léopoldville, Joseph Kabasele, Grand Kallé, alianzisha African Jazz mwaka 1953. Mwaka 1956 ikazaliwa OK Jazz, ambayo Franco aliiongoza kwa miaka mingi. Walipiga rumba, lakini jina la jazz lilimaanisha muziki wa kisasa, wa watu weusi wenye kusimama wima. Mwaka 1960 African Jazz walikwenda Brussels wakati wa mazungumzo ya uhuru, wakaimba "Indépendance Cha Cha", wimbo ambao Afrika nzima iliucheza. Baadaye Manu Dibango wa Kameruni, mpiga saksofoni aliyependa sana jazz, alijiunga na Kallé. Yeye ndiye aliyetoa "Soul Makossa" mwaka 1972.

Halafu mwaka 1974 Wamarekani wenyewe walikuja. Kuanzia tarehe 22 mpaka 24 Septemba, Kinshasa ilipokea James Brown, B.B. King, Bill Withers na wengine, kwa sababu ya ule mchezo wa ngumi wa Muhammad Ali na George Foreman. Waliimba jukwaa moja na Miriam Makeba, Franco, na binti mmoja wa mashariki mwa inchi yetu.

Abeti, binti wa Kisangani

Watu wa Walikale mnaijua njia ya Lubutu inayofika Kisangani. Abeti Masikini alizaliwa kule mwaka 1954. Baba yake, Jean-Pierre Finant, alikuwa mwanasiasa wa upande wa Lumumba. Aliuawa mwaka 1961, wakati binti yake hajafikisha miaka saba. Jamaa ilihamia Kinshasa, na Abeti akakulia kule bila baba.

Mwaka 1973 Abeti aliimba katika Olympia ya Paris. Mwaka uliofuata akaimba Carnegie Hall ya New York. Alikuwa bado kijana sana. Muziki wake ulichanganya rumba, soul na nyimbo za kwetu, na katika disiki yake ya kwanza kuna wimbo wenye jina la Kiswahili: "Mutoto Wangu". Wakati ule muziki ulikuwa kazi ya wanaume, na mwanamke aliyesimama jukwaani alisemwa vibaya. Abeti alisimama, tena akiwa mbele, mwenye orkestra yake mwenyewe, Les Redoutables. Mbilia Bel alianzia kwake. Abeti alifariki mwaka 1994, akiwa na miaka 39.

Mwingine aliyepita katika orkestra ya Abeti ni Lokua Kanza, mtoto wa Bukavu, aliyezaliwa mwaka 1958. Baba yake alikuwa Mmongo, mama yake Mnyarwanda. Walihamia Kinshasa akiwa mdogo. Baba alipofariki, yeye kama mtoto wa kwanza alilazimika kutafuta pesa kwa ajili ya wadogo zake, na sauti yake aliizoeza katika kwaya za kanisa. Alisoma muziki Kinshasa, baadaye jazz huko Paris, na alipotoa disiki yake ya kwanza mwaka 1993 watu walisikia gitaa la jazz, sauti ya soul na utulivu wa nyimbo za kumbembeleza mtoto. Damu mbili zilimzaa, na muziki wake haukuona aibu ya kuchanganya. Sisi wa Masisi na Walikale, ambao mara nyingi tunaambiwa tuogope jirani wa kabila lingine, tunaweza kulifikiri jambo hilo kwa utulivu.

Barua ya mama

Baloji ni mrapa aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Baba yake alimpeleka Ubelgiji angali mtoto mdogo, na mawasiliano na mama yake yakakatika. Baada ya miaka zaidi ya ishirini, barua ya mama ilimfikia. Jibu lake lilikuwa disiki nzima, "Hotel Impala", iliyotoka mwaka 2007: rap, soul, funk na muziki wa Kongo pamoja. Baadaye, uhuru wa inchi ulipofikisha miaka 50, alichukua "Indépendance Cha Cha" ya African Jazz akaitilia maneno yake ya rap, akauita wimbo huo pia "Siku ya Baadaye". Alifanya kama vijana wa Bronx, lakini kwa disiki ya wazee wa Kongo.

Hata kabla ya disiki, msituni mwa Walikale Wanyanga walikuwa na karisi, hadithi ndefu za shujaa Mwindo. Msimuliaji anasema, anaimba na kucheza, vijana wanapiga kijiti kwa mdundo, na wasikilizaji wanaitikia. Mwaka 1969 masimulizi ya mzee Candi Rureke yalichapishwa kitabu na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene. Kijana wa leo anayerusha maneno juu ya mdundo anafanya kazi ya jamaa ileile.

Na sisi wamama tufanye nini?

Sisemi kila wimbo ni mzuri. Kuna nyimbo zinazotukana wanawake, kuna zinazosifu bunduki, na hizo hazifai katika nyumba yenye watoto. Lakini hatuwezi kuchagua kitu tusichokisikiliza.

Kwanza, mwombe mtoto akuelezee maneno. Kama anaona aibu kuyatafsiri mbele yako, yeye mwenyewe ameshajua wimbo ule si mzuri, na hapo mna jambo la kuzungumza bila fimbo.

Pili, muziki uwe na saa yake. Kazi za shule na za nyumbani kwanza, wimbo baadaye. Mtoto anayetunga vina kwa Kiswahili na Kifaransa anazoeza lugha, na hilo linamsaidia hata siku ya mtihani wa serikali. Kwaya ya parokia au ya kanisa lenu ina ngoma, gitaa, pengine na piano. Ni shule ya muziki isiyo mbali.

Tatu, na hili nalisema kwa nguvu, tusiwafungie wasichana mlango. Binti anayependa kuimba asiitwe malaya. Lakini tusimwache peke yake vilevile. Mtu mzima anayemwambia, "Njoo usiku nikurekodie wimbo bure," mara nyingi anatafuta kingine. Binti aende kurekodi mchana, pamoja na mama, shangazi au dada mkubwa, na asikubali kumlipa mtu kwa kitu kingine isipokuwa kazi yake ya muziki. Akitishwa au akiguswa, ajue nyumbani ataaminiwa.

Nne, wape watoto nyimbo zenu. Wimbo wa kutwanga, wa kupanda maharagwe, wa kubembeleza mtoto, wa kupeleka bibi harusi. Vijana wa Bronx walikuwa na disiki za wazazi. Wengi wetu tulikimbia bila kubeba hata sufuria, na nyimbo hizo ndizo tulizobaki nazo kichwani. Tukikufa bila kuziimba, watoto hawatakuwa na kipande cha kukata.

Tuanze juma hili. Jioni moja, baada ya chakula, mwambie kijana wako akusikilizishe wimbo mmoja na akueleze unasema nini. Ukimaliza kumsikiliza, mwimbie mmoja wa kwenu, na akitaka kuurekodi katika telefoni, mwache aurekodi.