Lubumbashi: Profesa Banza anapima vumbi la migodi ndani ya mkojo wa watu

Komini ya Ruashi, mjini Lubumbashi, mgodi wa shaba na kobalti uko karibu na nyumba za watu. Vumbi linatua juu ya chakula na kwenye mikono ya watoto wanaocheza chini. Ni kiasi gani kinaingia mwilini? Macho hayawezi kujibu.

Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, mtaalamu wa sumu kwenye Shule ya Afya ya Umma ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU), amelifuata swali hilo kwa miaka mingi. Pamoja na kufundisha, anafanya utafiti na wenzake wa Ubelgiji.

Kipimo chenyewe ni mkojo. Madini yaliyoingia kwa pumzi, maji au chakula huonekana humo. Maabara hutumia spektrometa ya masi: mkojo unapulizwa ndani ya gesi ya argoni yenye joto la maelfu ya digrii, atomu zinapata chaji ya umeme, kisha mashine inazitenga kwa uzito na kuzihesabu. Hivyo kobalti, risasi, kadimiamu na urani hupimwa pamoja, hata zikiwa kidogo sana.

Utafiti uliotolewa mwaka wa 2009 ulipima watu 351 wa Katanga. Kobalti iliyokutwa kwa wanaoishi karibu na migodi na viwanda ilikuwa ya juu kuliko yote iliyowahi kuandikwa kwa raia wa kawaida duniani. Watoto wengi walipita kiwango cha tahadhari kilichowekwa kwa wafanyakazi wa viwandani.

Mwaka wa 2020, utafiti mwingine wa Lubumbashi ulilinganisha watoto 138 waliozaliwa na kasoro za mwili na wengine 108 wasio nazo. Baba akiwa na kazi ya mgodi, uwezekano wa kasoro ulikuwa mara 5 na zaidi. Hata hivyo, watafiti hawakusema kwamba kobalti peke yake ndiyo sababu.

Mwaka wa 2018, serikali ilitangaza kobalti kuwa madini ya kimkakati. Bei yake inafuatwa kila siku kule London. Mkojo wa mtoto wa Ruashi nao unahitaji kufuatwa: bila namba, mama anayelalamikia vumbi huambiwa ni maneno tu. Akiwa na namba mkononi, kampuni na serikali zinalazimika kumjibu.