Kiangazi cha Texas, Nyuma ya Nondo

Usiku wa Julai, katika magereza ya Texas yasiyo na viyoyozi, watu huhama vitanda na kulala chini. Mfungwa humwaga maji juu ya sakafu ya saruji, akavua shati na kujinyoosha papo hapo kwenye unyevu. Mwenzake huloweka shuka kwenye sinki na kujifunika nayo gubigubi. Baada ya muda vyote vimekauka, naye huamka kuanza upya.

Kwa nini usiku, wakati jua limekwisha kuzama? Kwa sababu saruji na chuma hufyonza joto kutwa nzima, kisha hulitema taratibu hadi alfajiri. Hewa nayo, hasa upande wa mashariki, hubeba unyevu wa Ghuba ya Mexico. Mkazi wa Tanga au Mombasa anaijua hali hiyo ya shati kugandamana na mgongo, ila yeye ana baraza, ana upepo wa bahari, na mlango ni wake.

Suala zima liko hapo kwenye mlango. Ngozi ya binadamu ina joto la nyuzi 35 hivi za Selsiasi. Hewa ikishapita kiwango hicho, feni humpulizia mtu moto tu, na kinachobaki kumpoza ni jasho linalokauka mwilini. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, hata hilo halikauki. Mtu huru hujinusuru bila kuwaza: hunywa maji, huoga, hukaa kivulini, huahirisha kazi. Gerezani kila kimoja kati ya hivyo kina mtu aliyekishikia ufunguo. Maji ya barafu huja kwa zamu. Kwenda kuoga maji baridi au kupumzika kwenye chumba chenye kiyoyozi kunategemea askari wa zamu na idadi ya wenzake waliofika kazini. Feni huuzwa duka la gereza, katika jimbo ambalo wafungwa karibu wote hufanya kazi bila ujira, kwa hiyo mara nyingi anayeilipia ni mama au mke aliye nje.

Dawa nazo huongeza hatari. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili huzuia mwili kutoa jasho ipasavyo, na zile za shinikizo la damu zinazomfanya mtu akojoe sana humpunguzia maji. Magereza yamejaa watumiaji wa dawa hizo.

Mwaka 2011 mwanamume wa miaka 58, aliyefungwa chini ya mwaka mmoja kwa kughushi hundi, alihamishiwa gereza la Hutchins karibu na Dallas. Wiki moja hivi baadaye alianguka. Hospitalini mwili wake ulipimwa nyuzi 43, na hakupona. Kiangazi hicho angalau wafungwa 10 wa jimbo hilo walikufa kwa joto. Utafiti uliotolewa mwaka 2022 ulikadiria kwamba vifo 271 katika magereza ya Texas yasiyo na viyoyozi, kati ya 2001 na 2019, huenda vilichangiwa na joto kali.

Ajabu ni kwamba Texas ina kanuni ya joto. Jela za kaunti, wanakokaa mahabusu, hazitakiwi kupita nyuzi 29 hivi. Magereza ya jimbo hayamo katika kanuni hiyo, na takriban theluthi mbili yake hayana viyoyozi katika sehemu kubwa ya mabweni. Nguruwe wa idara ya magereza walibahatika zaidi: mwaka 2013 walinunuliwa mabanda yenye mfumo wa kudhibiti joto kwa dola 750,000.

Wafungwa wa Pack, gereza lenye wazee na wagonjwa wengi, waliishtaki idara hiyo mwaka 2014. Serikali ya jimbo ilikataa katakata kufunga viyoyozi, ikidai vingegharimu zaidi ya dola milioni 20, na ikatumia milioni 7 kupigana mahakamani. Mwaka 2017 jaji Keith Ellison aliamuru walio dhaifu wakae mahali pasipozidi nyuzi 31. Mwaka uliofuata pande zote zilipatana kwamba viyoyozi vifungwe. Ufungaji wenyewe uligharimu kama dola milioni 4.

Mapatano hayo yalihusu gereza moja. Katika kesi nyingine, inayogusa mfumo mzima, jaji Robert Pitman aliandika Machi 2025 kwamba joto hilo linakiuka katiba. Hata hivyo hakuamuru viyoyozi vifungwe mara moja, akaiacha kesi iendelee kusikilizwa.