WALIOBEBA MZIGO WASIACHWE NYUMA

Kila mwaka unapokaribia mwisho wake, katika maofisi na viwanda vya Dar es Salaam huanza mazungumzo ya karamu. Kamati huundwa, majina huandikwa, na mtu mmoja hupewa kazi ya kutafuta basi. Zamani karamu hiyo ilifanyika uani mwa kampuni au katika ukumbi wa jirani. Watu walikula pilau, wakasikiliza hotuba ya Bwana Meneja, wakarudi makwao kabla giza halijaingia. Siku hizi makampuni mengi yamependa kuichanganya karamu na matembezi. Watu huondoka Jumamosi asubuhi, hulala huko waendako, na hurejea Jumapili jioni. Wengine huenda Mikumi kutazama wanyama, wengine huvuka bahari kwenda Unguja, na wengine, kwa sababu ya ukaribu, huenda Bagamoyo.

Sisi twaunga mkono desturi hii. Mtu aliyeshinda mwaka mzima mbele ya mashine, au nyuma ya meza ya hesabu, astahili kuuona upeo wa bahari na kucheka na wenzake bila kengele ya zamu kumkatiza. Lakini jambo jema likifanywa ovyo huzaa uchungu. Twapenda basi leo kuuliza swali moja tu: karamu hii ni ya nani?

MAPUMZIKO SI TAKRIMA

Kwanza yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa, yaani karamu na mapumziko. Karamu ni takrima. Mwenye kampuni akiwa na moyo wa kutoa, hutoa. Asipokuwa nao, hapana sheria inayomlazimisha. Mapumziko ni haki, na haki hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa mapumziko ya kila juma kwa wafanyakazi wa viwandani, na mwaka 1936 likapitisha mkataba wa likizo yenye malipo. Mwaka huo huo wa 1936 wafanyakazi wa Ufaransa, baada ya migomo mikubwa, walipata kwa sheria likizo ya majuma mawili yenye malipo, na watu wengi ambao hawakupata kuiona bahari maishani mwao wakapanda magari ya moshi kwenda pwani. Kisha mwaka 1948 Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu likatamka katika kifungu chake cha 24 kwamba kila mtu ana haki ya kupumzika na kustarehe.

Hapa kwetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kazi za kawaida kwa juma, mapumziko ya saa 24 kila juma, na likizo ya siku 28 yenye malipo. Mfanyakazi aitwaye kazini katika siku yake ya mapumziko hustahili malipo mara mbili ya kawaida.

Kwa nini twakumbusha hayo katika habari za karamu? Kwa sababu takrima haiwezi kulipia haki. Mwajiri aliyewanyima watu wake likizo tangu Januari hawezi kuwafuta machozi kwa sahani ya pilau mwezi wa Desemba. Wala si halali kwamba mtu apelekwe matembezini Jumamosi na Jumapili, kisha siku hizo zikatwe katika likizo yake, au achangishwe kutoka mshahara wake bila kuulizwa, halafu asimame Meneja kupigiwa makofi ya ukarimu. Mtu akilipia karamu yake mwenyewe, basi mwenyeji ni yeye, na makofi ni yake.

BAGAMOYO NI MJI WA WAFANYAKAZI

Tumeutaja mji wa Bagamoyo, na twataka kukaa nao kidogo, kwa maana hapana mahali karibu na jiji panapomfaa zaidi mfanyakazi kwa safari ya namna hii. Ni mwendo wa kiasi cha kilometa 70 kutoka Dar es Salaam, kwa njia ya Tegeta, Bunju na Mapinga. Basi likitoka mapema, watu hufika kabla jua halijawa kali.

Lakini wengi wafikao huko huiona hoteli, huona mchanga na mawimbi, hupiga picha, hula, hucheza, kisha hurudi. Hawajui kwamba wamelala katika mji uliojengwa kwa mabega ya wafanyakazi.

Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mlango mkuu wa misafara ya bara. Njia yake ilipita Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, ikafika Ujiji katika ziwa Tanganyika. Pembe za ndovu ndizo zilizokuwa mali kubwa ya njia hiyo, na zililetwa pwani mabegani mwa wanadamu. Walikuwamo watumwa walioshushwa kwa minyororo, na jambo hilo tusilifunike. Lakini wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 au zaidi, mbali na chombo chake cha kupikia na mkeka wa kulalia. Walitembea miezi kwa miezi, na waliwekeana masharti na wenye mali juu ya ujira na posho. Posho ikipunguzwa, waliitua mizigo chini wakakataa kuinua mguu mpaka wasikilizwe. Na wasiposikilizwa, wengine walitoroka usiku. Huo ulikuwa mgomo, kabla nchi hii haijawa na chama hata kimoja cha wafanyakazi.

Jina lenyewe la mji hukumbusha habari hizo. Wapo wasemao kwamba latokana na kubwaga moyo kwa mpagazi, ambaye amefika pwani, ametua mzigo, na sasa roho yake imetulia. Wapo wasemao kwamba ni kilio cha mtumwa, aliyeubwaga moyo wake hapo kwa sababu mbele yake ilikuwa bahari na nyuma yake hapakuwa tena na kurudi. Sisi hatuoni haja ya kuchagua. Mji mmoja uliwapokea wote wawili, na neno moja laweza kubeba raha ya mmoja na msiba wa mwingine.

Mgeni aweza kuzuru jengo la zamani lililokuwa kituo cha misafara. Aweza kuliona Boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1897, wakati makao makuu ya utawala wao yalikuwa yamekwisha kuhamia Dar es Salaam tangu mwaka 1891. Kiasi cha kilometa 5 kusini ataona magofu ya Kaole, yenye msikiti ambao asili yake yatajwa kuwa ya karne ya 13, na makaburi ya mawe yenye nguzo, ushahidi kwamba watu wa pwani hii walikuwa wajenzi na wafanya biashara karne nyingi kabla Mzungu wa kwanza hajatia nanga.

WALIOLIPWA WAKAAGWA

Kisha msafiri na aende kwenye Misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868. Hapo ndipo ulipofikishwa mwili wa Dakta Livingstone mwezi wa Februari mwaka 1874. Kila mtoto wa shule alisikia kwamba Livingstone alikufa mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Si kila mtoto aliyefundishwa kutafakari ni nani waliomleta.

Waliomleta ni watumishi wake: Susi, Chuma, Jacob Wainwright na wenzao kwa makumi, na wanawake walikuwamo. Waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga, wakaubeba kwa muda wa miezi kama 9, safari ipitayo kilometa 1,500. Bwana wao alikuwa amekwisha kufa. Hapakuwa na mtu wa kuwasimamia wala wa kuwahesabia siku. Baadhi yao walifia njiani. Walifika pwani wakakabidhi mzigo wao ukiwa salama.

Na baada ya hapo? Balozi mdogo wa Uingereza aliyekaimu Unguja aliwalipa ujira wao, nao wakaagwa. Mwili ukapakiwa melini. Tarehe 18 Aprili 1874 ukazikwa kwa heshima kuu katika kanisa la Westminster Abbey mjini London, na katika watu wale wote aliyekuwapo mazishini ni Jacob Wainwright peke yake, ambaye nauli yake ililipwa na chama cha wamisionari. Susi na Chuma waliitwa Uingereza baadaye na rafiki wa marehemu, wakafika ilhali kaburi limekwisha kufungwa.

Hatuyasemi haya ili kuamsha ugomvi wa zamani. Ujira wao walilipwa. Twasema kwamba kulipwa ni jambo moja, na kukumbukwa ni jambo jingine. Mtu aweza kupewa haki yake mkononi, na papo hapo akaonyeshwa mlango.

NANI HAYUMO KATIKA BASI?

Turudi sasa kwenye karamu zetu. Basi linapoondoka Jumamosi asubuhi, na tuwahesabu wasiomo. Mara nyingi hayumo mlinzi wa lango, kwa sababu husemekana kwamba yeye ni wa kampuni ya ulinzi. Hayumo mama afagiaye ofisi, kwa sababu ni wa kampuni ya usafi. Hayumo kibarua aliyepakia mizigo tangu mwezi wa tatu, kwa sababu jina lake halimo katika daftari la mishahara ya mwezi. Jumatatu watu hao watazitazama picha katika simu za wenzao, na watachekeshwa kwa hadithi za mahali wasipopelekwa. Kisha mwezi wa Januari wataambiwa katika mkutano kwamba sisi sote ni jamaa moja.

Jamaa gani hiyo ambayo wengine hula na wengine husimulia?

Mtu aweza kujibu kwamba fedha hazitoshi. Huenda ni kweli. Lakini fedha zisipowatosha wote kwa usiku mmoja hotelini, zaweza kuwatosha wote kwa mchana mmoja. Afadhali pilau ya wote chini ya mwembe kuliko samaki wa kuchoma wa wachache ufukoni. Na kama lango haliwezi kuachwa bila mlinzi, yawezekana kwenda kwa zamu mbili, au kumhifadhia sehemu yake na kumpa siku nyingine ya kupumzika. Jambo hili halihitaji utajiri, lahitaji mtu wa kulikumbuka wakati majina yanapoandikwa.

SAFARI IWE NA KIRANGOZI

Misafara ya zamani ilikuwa na kirangozi, mtu aliyetangulia mbele na kuijua njia. Kamati za karamu nazo ziwe hivyo. Twashauri mambo machache.

Dereva ni mfanyakazi. Wengine wanapostarehe, yeye yumo kazini. Apewe chakula cha wakati wake na kitanda cha kulala, wala asishawishiwe kunywa. Roho za watu wote wa basi zimo mikononi mwake Jumapili jioni.

Ulevi usifanywe kuwa ndiyo karamu. Anywaye na anywe kwa kiasi, na asiyekunywa asidhihakiwe. Chakula kipikwe kwa namna ambayo Mwislamu na Mkristo wataketi sinia moja bila wasiwasi. Wakati wa swala uheshimiwe, na atakaye kwenda kanisani Jumapili asubuhi apewe nafasi.

Wanawake wa kazini waheshimiwe ufukoni kama waheshimiwavyo ofisini. Binti aliyeajiriwa juzi asilazimishwe kucheza dansi na mkubwa wake, wala asiogope kwamba kukataa kwake kutaandikwa katika mkataba ujao. Cheo cha Jumatatu kisitumiwe kuwa fimbo ya Jumamosi usiku.

Mwisho, zitengwe saa mbili au tatu za kuuona mji, akiwapo mwongozaji wa hapo hapo Bagamoyo, na alipwe vizuri, maana naye ni mfanyakazi. Watu wakisimama mbele ya kituo cha misafara, mzee mmoja wa bohari, aliyebeba magunia tangu ujana wake, aombwe aseme ni nini kubeba kilo 30 tangu alfajiri. Hotuba yake yaweza kuwa na mafunzo kuliko zote zitakazosomwa usiku ule.

Ndugu wafanyakazi, na ninyi wakuu wa makampuni: msimu wa karamu unapofika, laanzeni daftari la majina kwa kuwaandika wale wanaobeba mizigo, ndipo mwaandike wanaoihesabu. Bagamoyo imekwisha kuwaona watu waliofikisha mzigo wakalipwa na kuagwa. Isiwaone tena katika mabasi yetu.